Sauti ya Bibi na Swali la Herufi Moja

Kila muhula tunawapa watafiti wapya wa idara yetu kisa kimoja cha kuchambua, na mhadhiri anayekileta hukitoa katika kazi yake mwenyewe, pamoja na mahali alipokosea. Hiki ni changu. Nimekiandika kwa urefu kuliko ninavyokisema darasani kwa sababu nikikisimulia kwa mdomo watu hukumbuka video iliyosambaa wakasahau daftari, na mimi naona daftari ndilo kisa chenyewe.

Daftari

Bibi ninayemzungumzia anaishi Langoni, Lamu. Mimi ni mzaliwa wa mji huo huo, nafundisha fasihi ya Kiswahili katika chuo cha bara, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya tenzi ambazo wanawake walitunga na kufundishana ndani ya nyumba. Tenzi hizo hazikuandikwa ili zichapishwe. Zilinakiliwa kwa hati za Kiarabu katika madaftari ya shule, nyuma ya kalenda, pambizoni mwa vitabu vya dua, na mara nyingi mwenye daftari akifariki, daftari nalo huishia kwa mchwa. Bibi alikuwa na moja lililoandikwa na mamake, kurasa arubaini na kitu, wino umegeuka rangi ya chai. Ndani yake mna utenzi wa mke anayemwombea mumewe aliye safarini baharini.

Alikubali nimrekodi. Nilikaa naye siku tatu, yeye kitandani, mimi mkekani, simu na kipaza sauti kidogo baina yetu. Alisoma kwa mahadhi, macho kayafumba, maana sehemu kubwa aliihifadhi tangu usichana. Tulipofika ukurasa wa mwisho akanyamaza. Beti tatu za mwisho hakuwahi kuzishika. Mamake alizinakili baadaye, yeye keshaolewa na kuhamia nyumba nyingine. "Hapo soma wewe," akaniambia, "mato yangu hayana nguvu tena."

Nami sikuweza. Maji yalikuwa yameingia na kufuta vipande viwili vya mwanzo vya ubeti wa pili. Katika kipande cha tatu neno la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa ba mbili, kila moja na fataha yake, ile alama ya irabu a, basi. Kwa asiyezizoea hati hizi: alfabeti ya Kiarabu haina p, na waandishi wengi wa zamani wa pwani hawakuwa na desturi ya kuandika m au n inayotangulia konsonanti nyingine. Ba moja ilibeba b, p na mb. Kwa hiyo neno lile lingeweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Kwa kawaida kina hukuamulia, kwa kuwa katika utenzi vipande vitatu vya mwanzo vya ubeti hufungana kwa kina kimoja. Lakini vina ndivyo vilivyokuwa vimechukuliwa na maji.

Nilisoma "likapasuka la papa". Nikaliona tumbo la papa. Nikamwona Nabii Yunus. Nikamwona mke anamwomba Mungu amtoe mumewe baharini kama alivyomtoa Nabii wake. Ilikuwa tafsiri nzuri, na uzuri wake ulinilevya. Niliiandikia kurasa tatu katika rasimu ya makala, nikampelekea mtaalamu mmoja wa ng'ambo ambaye neno lake ni zito katika fani hii, akajibu kwamba imempendeza. Rasimu nikaiweka ResearchGate, mtandao wa watafiti, ili wenzangu waisome wakati jarida linaichunguza.

Kitu kimoja tu kilibaki kunikera. Katika kisa cha Nabii Yunus samaki hapasuki. Yunus hutapikwa ufukoni akiwa hai, na samaki huenda zake. Huyu papa wangu alipasuka kwa nini?

Nilichokituma

Usiku mmoja wa Jumamosi niliweka swali langu kwenye X, iliyokuwa Twitter, na Facebook. Nilipiga picha ya ukurasa, nikaipandisha juu ya dakika mbili za sauti ya bibi akisoma beti zinazoutangulia, nikaandika: "Daftari hili ni la Lamu. Nani anaweza kunisaidia neno la mwisho la kipande cha tatu?" Jina la bibi sikulitaja, wala mtaa. Niliamini kwamba kwa kutotaja jina nimemsitiri. Lamu watu hutambuana kwa kikohozi tu gizani, sembuse kwa mahadhi ya dakika mbili, na hilo nililijua tangu utotoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliweka sauti. Swali lilikuwa la herufi. Hakuna sauti iliyoweza kulijibu, kwa sababu bibi mwenyewe beti zile hakuzijua. Jibu la kweli ni kwamba picha ya karatasi kuukuu watu huipita, ila sauti ya mwanamke mzee akighani humsimamisha mtu. Fomu ya tathmini ya wahadhiri katika chuo chetu ilikuwa imeanza kuuliza kazi zetu zinafika vipi kwa jamii, na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu. Nililala nikijua nimetuma kitu kitakachosikilizwa.

Kikasikilizwa. Kufikia Jumatatu mtu nisiyemjua alikuwa ameichomoa sauti, akaipachika juu ya picha za majahazi na machweo, akaipandisha kwenye mtandao wa video fupi. Kutoka huko ikaingia vikundi vya WhatsApp, na kutoka vikundi ikaingia simu za watu, ambako hakuna anayeweza kuifuata. Jumanne mjukuu wa bibi aliniandikia: "Dada, nimeisikia sauti ya bibi dukani, kwenye simu ya muuzaji. Wanaume watatu wamekaa wanasikiliza. Ulimwambia?"

Msomaji wa mbali huenda akaona jambo dogo. Katika familia nyingi za Lamu, mahadhi ya mwanamke ni sehemu ya sitara yake. Wanawake husoma, huimba, hupiga vugo arusini, na ni mabingwa wa mambo hayo, lakini mbele ya wanawake wenzao. Kinachosomwa nyuma ya mlango hakikukusudiwa kwa baraza. Hakuna siri yoyote katika maneno yenyewe. Ni mawaidha na dua. Sauti ndiyo yenye mahali pake. Zipo nyumba zisizoshikilia hivyo, na wapo wanawake wa Lamu wanaoimba hadharani kwa ridhaa yao. Nyumba ya bibi si mojawapo, na mimi nililelewa nyumba tatu kutoka hapo.

Nilipanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti. Nilimwamkia bibi na kumbusu mkono, akaniitikia marahaba, akaniagizia kahawa kama mgeni. Hiyo kahawa iliniuma kuliko maneno. Kisha akasema: "Mwanangu, nalikupa wewe. Sikuupa ulimwengu."

Karatasi

Ami wa familia alikuwa mkali zaidi, na alikuwa na haki. Alitaka kuiona fomu ya ridhaa. Nilikuwa nayo mkobani, pamoja na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua ya kamati ya maadili ya chuo. Kila karatasi ilikuwa sawa. Fomu ilisema rekodi itatumika "kwa shughuli za kitaaluma, ikiwemo usambazaji wa matokeo", na chini yake palikuwa na sahihi.

Basi hapa ndipo ninapowaomba watafiti wapya wasimame. Bibi anasoma. Anasoma Kurani, anasoma tenzi, anaandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa mkono mzuri kuliko wangu. Alikwenda chuoni, kwa maana ya chuo cha mwalimu wa Kurani, hakwenda skuli. Herufi za Kirumi hakuwahi kufundishwa. Nilimkabidhi mwanamke msomi fomu iliyomfanya asiyejua kusoma, nikamwambia mjukuu amsomee, na mjukuu alipofika kwenye neno "usambazaji" alidhani ni kitabu. Bibi naye alidhani ni kitabu. Kitabu alikikubali. Kitabu hakina sauti.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, na mtu aelezwe anachoridhia. Tena inampa haki ya kuiondoa wakati wowote. Kuna pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tanzu za utamaduni, inayotambua kwamba vitu kama hivi vina wenyewe, hata pale ambapo mtunzi hajulikani. Nilizijua zote mbili. Nilikuwa nimezifundisha. Fomu yangu ilijengwa ili kamati iipitishe, na kamati ikaipitisha. Swali la kwamba sauti yake itaweza kufika simu ya muuzaji duka halikuwamo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini halimo.

Papa hashonwi

Jumatano, nikiwa bado Lamu, nafuta machapisho yangu moja baada ya jingine, ukaja ujumbe wa sauti kutoka nambari ngeni. Alikuwa nahodha mstaafu wa Matondoni, kile kijiji cha waunda vyombo upande wa pili wa kisiwa. Alinisalimu kwa kirefu, akauliza habari za wazee, kisha akasema:

"Mwalimu, hapo si papa. Ni pamba. Hilo ni tanga. Tazama ubeti wa chini yake, pana sindano na uzi. Papa hashonwi. Tanga hushonwa."

Niliusikiliza mara sita. Ubeti wa chini ulikuwa na sindano na uzi kweli, nami katika rasimu nilikuwa nimeeleza kwamba ni sindano ya kushonea jeraha, kwa kuwa nilihitaji papa wangu awe amemuuma mtu. Tanga la pamba likapasuka, mabaharia wakakaa kulishona huku upepo unawapeleka, na mke nyumbani anaomba uzi usikatike. "Likapasuka la pamba": mizani nane, kama ilivyokuwa kwa papa, lakini sasa ubeti wa pili na wa tatu unashikana. Nahodha akaendelea kunieleza marudufu, kile kitambaa kizito cha pamba cha kushonea matanga, kinavyokunywa maji ya mvua kikawa kizito, na jinsi mshono wa pembeni unavyotangulia kuachia. Dakika nne za ujumbe wa sauti. Kurasa zangu tatu za Nabii Yunus zikaondoka, na yule mtaalamu wa ng'ambo nilipompelekea usomaji mpya alikubali siku hiyo hiyo.

Nilimpigia nahodha kumshukuru na, kwa aibu, nikamwambia kisa cha sauti. Akashangaa. Sauti gani? Yeye hakusikia sauti yoyote. Mpwa wake alimtumia picha ya ukurasa peke yake, kwa sababu bando lilikuwa linakwisha na video ingekula yote.

Hapo ndipo nilipokielewa kisa changu. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kwamba bila kusambaa kule jibu lisingepatikana, kwamba bibi aliumia lakini elimu ilifaidi. Utetezi huo haukuwa na msingi. Jibu lilikuja kwa picha. Niliporudi kusoma majibu yote kabla ya kuyafuta, niliwakuta watu kumi na mmoja waliojaribu kusoma neno, na kila mmoja alizungumzia nukta, fataha, mkono wa mwandishi. Walioisikiliza sauti walikuwa wengi mno, nao waliandika mashallah, waliandika machozi, walimkumbuka bibi yao. Sidharau hayo, yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyelisogelea neno. Kama ningetuma picha ya beti tatu na sentensi moja, ningempata nahodha yule yule, na bibi asingesikika dukani.

Kwa hiyo siwaambii watafiti wapya waiache mitandao. Wataalamu wawili tulikosea neno moja, na aliyelipata hana digrii wala njia nyingine ya kuiona kazi yetu. Majarida yetu hayafiki Matondoni. Picha ilifika.

Kukusanya kilichomwagika

Kufuta machapisho yangu kulichukua dakika chache na hakukusaidia sana. Ule mtandao wa video fupi niliuandikia mara tatu. Video moja ikaondolewa, nakala zake nyingine zikabaki. Kilichofanya kazi kweli ni ujumbe wa mjukuu. Aliuandika kwa maneno machache na kuupeleka kwenye vikundi vya wanawake wa Lamu, vya arusi, vya upatu, vya madrasa: sauti hii ni ya mama yetu, hakuitoa, tafadhali ifuteni kwa heshima yake. Wanawake wakawapelekea waume na watoto wao. Muuzaji wa dukani aliifuta mbele ya mjukuu, kisha akaja nyumbani kuomba radhi ingawa yeye hakuwa na kosa.

Rasimu ilikuwa tatizo la namna nyingine. Watu walikwisha kuipakua, na mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa amemnukuu Yunus wangu katika tasnifu yake. Kuiondoa kimyakimya kungemwacha peke yake na kosa langu. Niliiweka upya Zenodo, hazina ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2013 na inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ambako kila toleo la kazi hupewa kitambulisho chake cha kudumu cha DOI, na kimoja zaidi cha kuyaunganisha yote. Toleo la kwanza, lenye papa, lipo. La pili, lenye pamba, linaeleza juu kabisa nini kimebadilika na nani aliyekibadilisha. Nahodha ametajwa ndani ya hoja yenyewe kama msomaji wa kipande kile, si chini kwenye shukrani. Hakutaka jina lake litoke. Alitaka iandikwe "nahodha wa Matondoni" na apelekewe ukurasa uliochapwa.

Kazi hiyo nimeiunganisha na nambari yangu ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti hata jina lake likiandikwa vipi, na hapa niseme neno kwa wenzangu wa pwani. Majina yetu yana tahajia nyingi. Mtu yule yule ni Swaleh katika chapisho moja, Saleh katika jingine, Salih katika la tatu, na mashine za kutafuta zinamhesabu watu watatu. Nambari ile ya tarakimu 16 ni ya bure na inachukua muda mfupi kuipata. Ichukueni kabla ya chapisho la kwanza.

Kuhusu sauti, tulikaa na familia usiku mzima, bibi ndiye mwenye neno la mwisho. Aliamua kurasa za daftari ziwe wazi kwa kila mtu, kwani mamake aliziandika zisomwe. Sauti ihifadhiwe, isikilizwe na wanawake tu, kwa kuomba. Zenodo inaruhusu maelezo ya faili yaonekane na faili lenyewe lifungwe hadi mtu aombe. Maombi yanakuja kwangu, nami nayapeleka kwa mjukuu, mimi siamui. Daftari lenyewe halitoki nyumbani.

Hilo la mwisho ami alilisisitiza, na ana historia nyuma yake. Mapema karne iliyopita Muhamadi Kijuma, mshairi na mwandishi hodari wa hati wa Lamu, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi, na leo mtu wa Lamu anayetaka kuziona nakala zake huzifuata London. Mfano tulioupenda zaidi ni wa miswada ya Msikiti wa Riyadha, iliyopigwa picha chini ya mpango wa British Library wa hazina zilizo hatarini, mradi EAP466. Picha zilisafiri, miswada ikabaki Lamu. Lakini Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mifumo ya British Library na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Kwa hiyo sisi tumeweka nakala tatu: Zenodo, diski yangu, na flashi iliyofungwa katika kitambaa ndani ya kasha la bibi, pamoja na daftari.

Fomu mpya niliiandika kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, karatasi moja. Matumizi yametajwa moja moja, kila moja na nafasi ya ndiyo au la: kitabu, darasani, picha mtandaoni, sauti mtandaoni. Bibi alivaa miwani, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Alinisahihisha tahajia mahali pawili. Alipofika kwenye sauti aliomba kalamu, akaandika la, na pembeni akaongeza kwa wino wake mwenyewe: wanawake, kwa idhini.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alikuja ofisini na simu mkononi, akaniwekea kipande cha mahadhi juu ya picha ya jahazi, akaniuliza kama namjua msomaji. Niliinyamazisha simu yake kabla ya ubeti wa pili. Nilimwomba akifute, akakifuta. Kisha nikamtumia picha ya ukurasa, nikamwambia aanze na kipande cha tatu.